Aliyengoja Kusalimiwa

Sunnuva hakuwahi kuanza kumsalimu mtu njiani. Akikutana nawe mbele ya kiwanda cha samaki, alitazama mbele kana kwamba anapima upepo. Ukimsalimu, aliitikia kwa uso mchangamfu. Usipomsalimu, alipita. Hapa kijijini kwetu, Visiwa vya Faroe, watu huingia kwa jirani bila hata kubisha hodi, kwa hiyo tabia hiyo ilionekana kiburi. Wanawake wa kiwandani walimbandika jina la Mlingoti.

Alikuwa muuguzi katika zahanati yetu, magonjwa ya zinaa yakiwa kazi yake kuu, nami nilikuwa msaidizi wake. Siku moja nilimuuliza kwa nini hasalimii.

"Wanaokuja kwangu hawataki kukumbushwa dukani kwamba walikuja," alisema. "Nikimsalimu huyu nikamwacha yule, watu watatia maanani. Nikiwasalimu wote, kuna watakaoruka roho kila wakiniona. Waanze wao."

Hakuolewa. Baba yake na kaka zake walikuwa wavuvi, na mabaharia aliwajua kuliko walivyojijua wenyewe. Katika choo cha nyumba ya mabaharia aliweka kopo la kahawa, akilijaza kondomu kila meli ilipokaribia kuondoka, wala hakutaka kujua nani amechukua. Mchungaji alipomlalamikia, alimjibu, "Mchungaji, wote hawa watafika kwako uwazike. Mimi nataka wachelewe tu."

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule aliorudi mvuvi mmoja, ambaye hapa nitamwita Hákun; majina ya jamaa zake nayo nimeyabadili. Alikuja na madoa mekundu viganjani, akitaka dawa ya kupaka.

"Ni maji ya chumvi na glavu," alisema. "Kila mvuvi ana viganja vibovu."

Hilo ni kweli, na ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka kule melini. Sunnuva alivigeuza viganja vile kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamwambia avue soksi. Nyayo nazo zilikuwa na madoa yale yale.

"Na hizi nazo hushika samaki?"

Hákun aliziinamia nyayo zake.

"Miezi iliyopita ulipata kidonda huko chini. Hakikuuma."

"Kidogo tu. Kikapona chenyewe."

"Hakikupona, mwanangu. Kiliingia ndani. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa. Tutakupima damu, lakini mimi naona hii ni kaswende." Akamrudishia soksi zake. "Mkeo ana mimba, sivyo?"

Mwanamume yule mrefu alifunika uso kwa viganja vyake vibovu.

"Mwambie wewe leo," Sunnuva alisema. "Damu ikithibitisha, nitampigia simu."

Damu ilithibitisha. Hákun alichomwa sindano, na mkewe, Marjun, akapigiwa simu. Sauti yake niliisikia hadi pale nilipoketi.

"Nilipimwa nilipoanza kliniki! Nilikuwa safi!"

"Ulikuwa safi siku ile. Hákun hakurudi nyumbani likizo baada ya hapo?"

"Alirudi."

"Marjun, ugonjwa huu humfuata mtoto tumboni. Unaweza kumuua kabla hajazaliwa. Penisilini itawatibu nyote wawili, ila tusichelewe."

"Nije wapi, Sunnuva? Mlango wenu unatazamana na dirisha la mama mkwe wangu. Mkunga ni shangazi yake Hákun. Nikienda hospitali ya mjini Tórshavn nitaulizwa nimefuata nini. Niache." Akakata simu.

Kumfuata nyumbani kusingefaa. Jikoni kwa Marjun hapakosi mtu anayekunywa kahawa. Basi Sunnuva akaanza kwenda dukani kila siku saa ambayo Marjun hununua maziwa. Alisimama kando ya rafu ya nyuzi za kufumia, akishika donge hili na lile. Marjun alimwona, akageukia upande wa mikate, akaondoka. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa.

Mimi nilishindwa kuvumilia. "Si umwambie tu! Tumbo linakua lile."

"Nikimwambia mbele ya watu, nitampata yeye na kuwapoteza wengine wote," alisema. Kisha akaongeza polepole, "Na mtoto akifa, nitakuwa nimemuua kwa adabu zangu." Akachukua koti, akaenda tena dukani.

Ijumaa ile nilikwenda naye, na duka lilikuwa limejaa. Marjun aliingia, akamwona Sunnuva pale pale, akasimama. Nilidhani atageuka tena. Akaweka kikapu chake sakafuni.

"Habari za leo, Sunnuva."

Watu waligeuka. Billa, mwenye kupokea pesa, alishindwa kujizuia. "Haya jamani! Leo Mlingoti umepandishiwa bendera!"

Kicheko kikapasuka. Marjun hakucheka.

"Miguu imenivimba," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Naomba unitazame."

"Twende," Sunnuva alisema.

Walipanda barabara pamoja, mkono kwa mkono, wakapita chini ya dirisha la mama mkwe. Bibi yule aliwapungia. Marjun naye akampungia. Sindano ilichomwa jioni ile ile bila kungoja majibu ya damu, na majibu yalipokuja yakaonyesha kwamba alikuwa ameambukizwa kweli. Sunnuva aliwaita mume na mke pamoja, akawaambia wasikaribiane hadi matibabu ya wote wawili yakamilike, na kwamba watapimwa tena na tena. Machozi yaliyomwagwa chumbani mle si yangu kuyasimulia.

Mtoto alizaliwa mzima. Walipima damu yake, wakaendelea kuipima hadi ikawa safi kabisa. Wakamwita Rannvá.

Sunnuva alizeeka kama wengine. Nilipomtembelea mara ya mwisho katika nyumba ya wazee, wiki chache kabla ya kifo chake, alikuwa hawezi tena kugeuka kitandani, na maneno aliyatoa kwa taabu. Mlango ulifunguka bila hodi. Rannvá, ambaye sasa anawahudumia wazee pale, aliingia na uji. Hajui lolote la siku zile.

"Hujambo, bibi Sunnuva! Leo umependeza."

Sunnuva alimwitikia kwa kichwa, akamtazama kwa muda mrefu jinsi alivyokuwa akinyoosha shuka. Msichana alipotoka, Sunnuva alinishika mkono, akanivuta karibu.

"Umeona?" akasema. "Kaanza yeye."