Kabati la Mvule na Kuku wa Maramba

Mganga hajigangi. Miaka ile ya hamsini nilipotaka kuoa, nilikuwa nimeshatengenezea kabati nusu ya mtaa wetu wa Mabawa, Tanga, na chumbani kwangu mwenyewe nguo zilining'inia kwenye misumari. Ami yangu, aliyekuwa mshenga, alirudi kutoka kwa wakwe na jawabu fupi. Posa imepokelewa, ila mama mtu anasema binti yake ataingia nyumba ambayo kabati la mvule limetangulia kuingia. Mvule mkavu, si mkangazi uliopakwa rangi. Tena iwe kabla ya Ramadhani, maana kuna karani wa bandarini naye kaleta posa, na karani hahangaiki na mbao, ana mshahara.

Nilicheka. Seremala kuambiwa alete kabati, kuna taabu gani hapo?

Niliacha kucheka nilipofika kwenye kiwanda cha mbao. Uwanja ulijaa magogo ya mvule, mazuri hata mate yakanitoka. Msimamizi akanieleza kwa upole kwamba hayauzwi, yana safari. Yanakwenda Ulaya. Mvule uliomea kwetu ulikuwa umeshapata nafasi melini, na mimi niliyezaliwa hapahapa sikupata hata kipande cha kutengenezea mguu wa kabati. Nikazunguka madukani. Mmoja alinionyesha mbao mbichi zinazotoa maji. Kabati la mbao zile lingepinda kabla ya fungate kwisha. Mwingine alinishauri nitumie mkangazi, nipake rangi, halafu niape. Nilikwenda hadi Pangani, nikavuka mto kufuata mbao za nyumba iliyobomolewa, nikakuta mchwa wamenitangulia.

Ndipo mchumba wangu, ambaye sikuruhusiwa kuonana naye, akaniletea salamu kupitia kwa dada yangu. Maramba kuna bibi mmoja ana gogo la mvule lililoangushwa na upepo shambani kwake zamani. Jua na masika vimelipitia, mchwa hawakuliweza. Akaeleza na njia ya kufika. Hakusema zaidi, na mimi kwa furaha sikuuliza zaidi.

Gogo lilikuwa kama nilivyoambiwa. Nililigonga kwa nyundo, likaitika kama chungu kizima. Bei tulipatana upesi mno, lakini nilipoanza kutafuta wapasuaji, bibi akaniambia nisiwe na haraka. Mti ule ulikuwa wa tambiko la ukoo wa marehemu mumewe, hauguswi bila kuulizwa. Jioni atamimina unga kando ya gogo, kilima kidogo. Asubuhi ukikutwa umesimama, mti umeridhia. Ukikutwa umetawanyika, mti umekataa. Niliitazama tasbihi iliyokuwa mkononi mwake, naye akanitazama ninavyoitazama, mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi unga ulikuwa umetawanyika, na juu yake zimejaa nyayo.

"Bibi," nikasema, "huyu ni kuku."

"Naona," akasema. "Na huyo kuku kamtuma nani?"

Nikaaga. Nilikuwa mgeni, na yeye ni mtu mzima. Lakini kwenye lori la kurudi Tanga nilimtukana kuku yule, nikautukana mti, nikamalizia na karani wa bandarini, mpaka utingo akaniuliza kama nina homa.

Nilirudi tena. Safari hii nilihakikisha kuku, maana alikuwa mmoja tu, amefunikwa kwa tenga na juu yake limewekwa jiwe. Asubuhi nikakuta tenga limepinduka na unga umeparuliwa. Nikastaajabia nguvu za kuku wa Maramba. Bibi alikuwa jikoni. Nilishika shoka, na wallahi ningelikata gogo lile kwa hasira bila ruhusa ya mtu wala mzimu. Nikaliweka chini, si kwa uungwana, bali kwa sababu nilisikia kandambili zake zinakuja. Alipofika alinikuta nimekunja mikono kama niko msikitini.

Shaaban ilikuwa imeshaingia, Ramadhani iko mlangoni, niliporudi mara ya mwisho. Sikuzungumza habari za gogo, nilisema nataka kununua kuku. Bibi akaniuzia bila kuhoji. Nikamchinja, akampika kwa nazi, tukamla pamoja jioni ileile, na hapo ndipo akamimina unga. Asubuhi kilima kilikuwa kimesimama vilevile.

"Mti umeridhia," akasema bibi, huku akichokoa meno.

Mvule ukapasuliwa, nikaunda kabati ambalo mpaka leo najivunia. Ikabaki plaiwudi ya mgongoni. Ile ya dukani ilitoka hukohuko ulikokwenda mvule wetu, na kwa bei yake ungedhani ilisafiri daraja la kwanza. Nikafanya kama walivyofanya maseremala wenzangu wote, nikabomoa masanduku ya chai yaliyoshuka kutoka mashamba ya Usambara. Mbao zake ni nyepesi, safi, hazina lawama ila harufu. Nilizianika juani, nikazifukiza udi, nikajiaminisha kwamba imekwisha.

Siku ya kupeleka kabati chumbani kwangu, wanawake wa kwa binti walikuwa na desturi yao ya kulikagua kwanza ndani, wanaume tukisubiri barazani. Nilisikia wakigonga ubavuni, wakifungua milango, wakifunga. Halafu sauti ya mama mkwe wangu.

"Mbona linanuka chai?"

Nilimwona karani wa bandarini mbele ya macho yangu, kavaa kanzu ya harusi. Kisha sauti nyingine, ya kizee, ikasema, "Basi binti hatakosa staftahi." Chumba kizima kikaangua kicheko, na vigelegele vikafuata.

Sauti ile niliijua. Bibi wa Maramba akatoka barazani na tasbihi yake, akaketi karibu nami. Alikuwa shangazi yake mkwe wangu, na mchumba wangu alilijua hilo tangu alipoleta salamu.

"Mti haukuwa na neno, mume wangu," akaninong'oneza, kwa utani wa bibi na mume wa mjukuu. "Kuku nikimfungulia mwenyewe. Mamaake binti kataka kujua ukikasirika huwaje. Nimemwambia, huyu mpole, hasira hanazo."

Hivyo ndivyo nilivyoozwa, kwa upole nisiokuwa nao. Mke wangu aliugundua ukweli kabla ya fungate kwisha, na hakumwambia mamaake. Ila kila nilipopandisha sauti, kwa wali ulioungua au randa iliyopotea, yeye aliendelea kukunja kanga zake akisema taratibu, "Kuku kafunguliwa." Nami nikinyamaza. Kwa miaka tuliyoishi, nilikaribia kabisa kuwa yule mtu aliyesifiwa na bibi.

Kabati lipo. Milango yake haikwami hata masika, na ukiifungua, kanga za marehemu bado zinanukia udi na chai. Juzi nilimfokea fundi wa bati mpaka majirani wakatoka nje. Nilipomaliza nikaingia chumbani, nikangoja. Hakuna aliyesema kitu.