Hakupanda Kitu

Sipendi semina. Ile ya wanandoa iliyofanyika parokiani kwetu mlimani nilihudhuria kwa sababu moja tu: tulitangaziwa kwamba mchana kutakuwa na pilau. Mwezeshaji alitoka Morogoro mjini akiwa na viatu vyeupe, akapanda navyo njia yetu ya udongo mwekundu katikati ya masika. Kwa hiyo hata kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshaanza kutilia shaka busara zake.

Alituambia tusianze na lengo. Tuanze na kile tunachokiamini, kitu ambacho mtu hakiuzi hata akilala njaa. Hapo ndipo utajua unaishi kwa ajili gani, na ukishajua hilo, chagua lengo kubwa mpaka wewe mwenyewe uliogope. Kisha akaanza kutusimamisha mmoja mmoja. Mimi nilisema nataka nyumba ya bati la rangi na cherehani ya umeme. Aliponiuliza ninaamini nini, nikajibu kwamba ninaamini bati. Ukumbi mzima ukacheka, nikakaa chini nimeridhika sana na nafsi yangu.

Mume wangu alisimama akiwa ameshika kofia yake mikononi.

"Mimi nimekulia Dakawa, kwenye mpunga," alisema. "Kule maji ni ya zamu. Zamu yako ikiisha unaziba mfereji wako, mwenzako naye apate, hata kama hamsalimiani. Naamini hilo tu. Sasa nyinyi hapa zamu yenu imekaribia kwisha na hakuna anayeziba. Lengo langu ni kijito cha chini ya kanisa kirudi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kijito hicho nilikichota utotoni mwaka mzima. Baadaye watu wakafyeka mteremko wote ili wapate bustani za kabichi na karoti, na pale pale kwenye chanzo wakapanda mikaratusi, ambayo hunywa maji kuliko ng'ombe. Siku hizi mvua ikiisha tu kijito hukauka, na wanawake huteremka bonde zima kufuata maji. Kila mtu alijua dawa yake ni kurudisha miti, mikuyu na mikangazi kama ya zamani. Kila mtu alijua pia kwamba mume wangu ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuipanda.

Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mimi ni binti wa ukoo, kwa hiyo mteremko ule ni wangu na wa dada zangu. Mume akija kuishi kwa mkewe hupewa mahali pa kulima, na hulima kwa amani, lakini hupanda kile tu kinacholiwa ndani ya mwaka: mahindi, maharage, mboga. Mti hapandi. Mti unakaa. Aliyepanda mti amejiandikia ardhi, na akifa, warithi wake huja kuudai. Na warithi wa mwanaume si mke wake. Ni wapwa zake, watoto wa dada yake, watu wa ukoo mwingine kabisa.

Jioni ya siku hiyo mjomba wangu, kaka wa marehemu mama yangu na msemaji wa ukoo wetu, alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kuvua koti.

"Shikamoo Mjomba," mume wangu alimwamkia.

"Marahaba, mkwe wangu. Nimesikia maneno yako ya kanisani. Maneno mazuri. Ila hii ni ardhi ya lukolo, ya ukoo wetu. Ukichomeka mti wowote humu, hata wa kivuli, nitaung'oa mwenyewe, na nitaendelea kukupenda."

Alikuwa anasema kweli. Alimpenda. Mume wangu alikuja kwetu kama fundi mwashi wa kujenga darasa la parokia, akanioa, akakarabati nyumba ya marehemu mama ninamoishi mpaka leo, na Mjomba alimwita kila ukuta ulipopata ufa. Lakini mapenzi ni mapenzi na ardhi ni ardhi.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Nilikuwa sijamjua vizuri mwanaume niliyeolewa naye. Kulipokucha alinifuata jikoni.

"Mti ukipandwa na mkono wako unakuwa wa nani?"

"Wa ukoo wetu."

"Basi mimi sitagusa."

Ndivyo tulivyofanya, miaka yote tuliyokaa pamoja. Yeye aliotesha miche kwenye viriba nyuma ya nyumba, yeye alichimba mashimo, yeye alibeba samadi ya mbuzi begani. Saa ya mche kuingia ardhini ilipofika alirudi nyuma, akaweka mikono mgongoni, nami nikapiga magoti na kuuchomeka. Mjomba alisimama ng'ambo ya bonde akitutazama. Wanawake wenzangu waliopita na matenga ya mboga kichwani walimtania: "Shemeji, umekuwa bwana harusi asiyeruhusiwa kumgusa bibi harusi?" Naye alicheka kuliko wao.

Mimi sikucheka sana. Nililalamika. "Lengo lako, mgongo wangu," nilimwambia kila msimu wa mvua, na yeye alinikanda mgongo huo jioni kwa mikono yake ya saruji. Sijui ni lini hasa niliacha kulalamika. Nakumbuka tu kwamba msimu mmoja wa masika mvua ilichelewa, na mimi ndiye niliyeamka kwanza kwenda kuangalia miche, na nilipouona mkuyu mmoja umenyauka nililia. Hapo nikajua kwamba lengo lake limeshakuwa langu.

Kitu kimoja alikifanya ambacho hakuna mtu wa mlimani anayekifanya. Sisi tukipanda mti tunafukia shimo, basi. Yeye baada ya mimi kuondoa mikono alizungushia kila mche tuta dogo la udongo, akaliacha wazi upande wa chini, na hapo penye uwazi akasimamisha jiwe bapa. Mvua ikizidi unatoa jiwe, maji yanapita. Mvua ikiwa haba unalirudisha. Ilikuwa jaruba, shamba la mpunga dogo kama sinia, limetundikwa mlimani. Nilimuuliza nani alimfundisha. "Mama," alisema. "Nilipokuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya jiwe la mfereji nimngojee aseme, 'Toa.'"

Hatukupata mtoto. Hilo nalisema mara moja na sitalirudia.

Kiangazi alikuwa anateremka kutafuta vibarua vya ujenzi, maana miti haikulishi. Alipata kazi Mikese, kwenye jengo la maduka kando ya barabara kuu. Jukwaa alilokuwa amesimama juu yake lilivunjika. Nilipigiwa simu nikiwa namwagilia, ndoo mkononi, na ninachokumbuka ni kwamba nilimalizia kwanza kumwagilia mti uliokuwa mbele yangu, taratibu, mpaka ndoo ikaisha. Ndipo nikakaa chini nikapiga kelele.

Nilimwomba Mjomba mume wangu azikwe mlimani, pembeni ya mikuyu. Nilimpigia magoti. Alinishika mabega naye machozi yanamtoka, akasema, "Mwanangu, miti tulivumilia kwa sababu ni ya mkono wako. Kaburi, hapana. Wenye kaburi huwa wanarudi." Nilimchukia siku hiyo. Nilimchukia zaidi kwa sababu nilijua hata mimi ningekuwa msemaji wa ukoo ningesema vile vile. Mume wangu akazikwa Dakawa, kwenye tambarare, mahali ambapo ukisimama huoni mlima wowote wa kwetu.

Siku ya kuondoa matanga walikaa watu wa ukoo wake upande mmoja, sisi upande mwingine. Wao pia hufuata upande wa mama. Msemaji wao, mzee mpole, aliuliza kama desturi inavyotaka: marehemu ameacha nini huko alikokuwa anaishi? Pembeni yake alikaa mpwa wa mume wangu, mrithi wake, kijana mwenye adabu ambaye kazi yake ni kupasua mbao. Pembeni yangu alikaa Mjomba, anaangalia ncha ya fimbo yake.

Nilijua nikisema neno moja tu, kwamba miti ile ni jasho lake, mpwa atakuwa na haki ya kupanda mlimani na msumeno. Na Mjomba hatamngojea afike. Atamtangulia mwenyewe na shoka ili kusiwe na kitu cha kudai. Wote wawili wangekuwa sahihi, na mteremko ungebaki mtupu.

Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani mbele yangu. Mwanawe alikuwa amehama mpunga wake, amekwenda kuishi kwa mke, na kijiji kizima kilimcheka kwamba ameolewa. Aliinua uso.

"Mwanangu," aliniambia, "miaka yote hiyo kule mlimani alikuwa anafanya nini? Mtoto hakuacha. Nyumba hakuacha. Alipanda nini?"

Nilimtazama machoni, maana mzee wa ukoo alikuwa anasubiri jibu la kusikika.

"Hakupanda kitu, mama."

Alijifunika khanga usoni. Hakulia kwa sauti. Mabega tu yalikuwa yanatikisika, na watu wakaendelea na shughuli kwa sababu swali lilikuwa limejibiwa. Nimefiwa na mama yangu mzazi, nimefiwa na mume, lakini sijawahi kuumia kama pale. Yule mwanaume nilimzika mara mbili, na mara ya pili nilimzika mwenyewe kwa mdomo wangu.

Miti ikakua. Bwana misitu alikuja akaipiga picha, akanisimamisha mbele yake, akaniita mama wa mfano. Walileta wageni. Siku moja nikaulizwa mbele ya watu nilipata wapi maono makubwa namna ile, nami nikajibu kwamba niliyapata kwenye semina. Walicheka, wakidhani natania. Nilifika nyumbani nikavunja sahani, ya pili nikaizuia mkononi.

Kisha mama mkwe akaja. Hakutoa taarifa. Nilimwona anashuka kwenye bodaboda mbele ya kanisa, vumbi limemjaa, ameshikilia kifurushi cha mchele wa nyumbani kwake. Alisema amesikia nina miti, na anataka kuona mahali mwanawe alipokuwa akiishi. Hata chai haijachemka, Mjomba alikuwa ameshafika, koti mwilini, amani tele mdomoni.

"Karibu sana mkwe. Twende wote, tutakusindikiza."

Tulipanda polepole kwa ajili ya magoti yake. Mikuyu ilikuwa imeshatuzidi urefu, na chini yake kulikuwa na ubaridi ambao bonde letu lilikuwa limeusahau. Mama mkwe aliangalia juu kama mgeni yeyote, akasifu. Mjomba akaanza kueleza kwamba hii yote ni kazi ya binti yetu, mikono yake mwenyewe, kijiji kizima ni mashahidi. Mama mkwe alikuwa anaitikia, "Eee. Eee."

Halafu akaangalia chini.

Alisimama mbele ya mkangazi mmoja. Alitazama lile tuta lililouzunguka, akatazama uwazi wake, akatazama jiwe bapa ambalo mbuzi walikuwa wameliangusha. Akasogea mti wa pili. Akasogea wa tatu. Mjomba aliendelea kuongea. Neno moja la mama mkwe lingetosha kuleta msumeno na shoka, na alikuwa na kila haki ya kulitoa. Alikuwa mama yake.

Alipiga magoti, taratibu, kwa uzee. Alilisimamisha lile jiwe mahali pake, akakandamiza udongo pande zote mbili kwa vidole gumba, akalipiga kofi dogo kama mtu anayemlaza mtoto. Kiganja chake akakiacha juu ya jiwe. Alipogeuza uso ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Hii umepanda wewe?"

"Mimi, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akamgeukia Mjomba, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Kweli. Mwanangu hakupanda kitu."

Mjomba alivua kofia, akatangulia kushuka, akatuacha.

Nilimwinua. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo, akauliza kama kuna mahali pa kunawa. Ilikuwa kiangazi. Nilimshika mkono nikamteremsha hadi chini ya kanisa, kwenye kijito, ambacho mwaka ule kilikuwa na maji membamba yanayopita kati ya mawe, hayatoshi hata kujaza ndoo. Yalitosha mikono miwili. Aliinama akanawa, kisha akasogea pembeni kunipisha, maana zamu yake ilikuwa imekwisha.