Wati Sita za Mabrouk

Mabrouk wa Malindi, karani wa mizigo bandarini, alikuwa na maradhi ya kupima umeme. Ile mita ndogo ya kuchomeka ukutani haimtoki mkononi: friji kaipima, pasi kaipima, hata chaja ya simu ya mkewe Salhiya haikusalimika. Miezi minne sasa anatafuta kompyuta moja tu, ya kukaa nyumbani ikiwaka usiku na mchana, ihifadhi sauti ya mama yake, na dada yake Bahiya aliyeko Maskati aweze kuifungua saa yoyote.

Sauti yenyewe ilikuwa bado haipo. Hapo ndipo penye kichekesho, au kilio, chagua mwenyewe. Bi Afra, mama yao, siku moja alianza kumhadithia Mabrouk jinsi baba yao alivyoondoka asirudi, jambo ambalo yeye na Bahiya wamekua bila ya kulijua. Mabrouk akarekodi kwenye simu, na wiki ile ile simu ikamtumbukia baharini gatini. Akaapa: neno jengine halirekodiwi mpaka apate mashine isiyozimika.

Basi akawa hatulii. Kompyuta yake kuukuu ya mezani inakula wati tisini, yuniti za tukuza, umeme wa kulipia kabla, hazifiki hata mwisho wa wiki. Laptopu ya mtumba ina betri, umeme ukikatika haizimiki, lakini feni yake italiwa na chumvi ya pwani. Kile kikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni kinatumia wati nne, ila diski ikichomekwa kinazidiwa. Alfajiri, kabla hata ya kutia udhu, anasoma maoni ya watu wasiomjua. Mara tatu Bi Afra alimwita, "Mabrouk, njoo nkumalizie yale." Mara tatu akaitika naam, akaja mbio, akamwomba asubiri kidogo, mashine i njiani.

Mwisho akaipata: kisanduku kisicho na feni, wati sita. Akakiweka kwenye kidaka cha ukuta wa ukumbini, akakijaribu siku mbili, Bahiya akakifungua huko aliko bila ya tabu. Moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza. Akamtilia mama yake kahawa, akaweka kinasa sauti juu ya mkeka, akamwambia sasa aseme.

Bi Afra akanywa kahawa yake taratibu. Akamwambia yale maneno yalimjaa kifuani juzi wakichambua mchele yeye na Salhiya, akamsimulia Salhiya yote, akalia, yakaisha. Hayarudii tena.

Mabrouk akamgeukia mkewe. Salhiya akainamisha kichwa, kaapishwa asiyatoe.

Mabrouk akamgeukia tena mama yake. "Mama, mwanao ni mimi," akasema. "Kwa nini yeye?"

"Yeye alikuwa kakaa nami," akasema Bi Afra.