Nyumba ya Kusikiliza

Bwana yangu alirudi kutoka Bisie na miguu yake miwili, mikono yake miwili, na bila mdomo. Alikuwa kule katika msitu wa Walikale akibeba mgongoni magunia ya kasiterite, yale mawe ya bati ya mgodini. Wakati hayupo, watu wa bunduki walipita kwetu Masisi, wakala ng'ombe, wakachukua mbuzi, wakaenda. Tulikimbia kila mtu na njia yake: mama mkwe na watoto wetu chini mtoni, mimi peke yangu ndani ya migomba. Nililala humo na mvua yangu. Asubuhi nilirudi, nikakuta hata sufuria hazipo. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yangu yote, na nilimweleza jioni ile ile aliyofika. Alisikiliza akiangalia moto, kisha akanyamaza.

Akanyamaza kweli. Alikula nilichopika, akaweka sahani chini, akalala uso ukutani. Alizungumza na ng'ombe wa jirani, alicheka na wanaume wa barabarani, lakini mimi, hata salamu hapana. Mimi si mtu wa subira. Nilimwuliza, "Ulimi yako uliacha Bisie ao?" Alichukua koti lake akatoka. Aka! Heri angenitukana.

Kurudi kwa wazazi wangu Mushaki sikuweza. Barabara ilikuwa imefungwa, leo na hawa, kesho na wale, na vita haikuniuliza kama ndoa yangu ina homa. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alilala mama mkwe, akisikia hata nikigeuka kitandani. Nilikuwa nimefungiwa katikati ya watu wawili, mmoja hasemi, mwingine hapitwi na neno.

Desturi yetu, bibi na bwana wakishindwana, wazee wa ukoo wanakaa nao. Lakini wazee hawakai mdomo mkavu. Wanataka mbuzi, wanataka kasiksi, ile pombe ya ndizi, na mbuzi wetu walikwisha kwenda na watu wa bunduki. Nikaenda kwa katekista. Akanisikiliza, akasema, "Mama, ombea bwana yako na unyamaze." Ninyamaze! Katika nyumba ambamo kimya ndicho ugonjwa wenyewe!

Ikabaki nyumba ya kusikiliza. Ilikuwa chini ya kituo cha afya, chumba kimoja chenye pazia la kijani, na kila mtu alijua ilifunguliwa kwa ajili ya wanawake waliotendewa ubaya na watu wa bunduki. Lakini Jumapili moja, baada ya misa, mama anayefanya kazi humo alisimama mbele yetu akatangaza: hata ugomvi wa nyumbani uletwe, bibi na bwana waje, ni bure kabisa. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaingia mchana, kwa mlango wa mbele, kwa sababu sikuwa na cha kuficha.

Kumbe mimi peke yangu ndiye niliyesikia lile tangazo mpaka mwisho. Kabla sijarudi nyumbani, habari ilikuwa imepanda kilima. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akanishika mkono, yeye ambaye hajawahi kunishika mkono tangu mwanawe anioe. Akasema nipumzike, maharage atapika yeye. Hapo niliogopa.

Yule mama msikilizaji akamwita na bwana yangu. Nilidhani atakataa, lakini alikuja ameoga, amevaa shati la kanisani. Alikaa, na kabla hajaulizwa neno akaanza kulia.

"Nilijua," alisema. "Toka siku nilirudi, nilijua. Niliogopa tu kukuuliza. Mama, haiko kosa yako. Nimekusamehe."

"Unanisamehe nini?"

Akafuta macho kwa mkono wa shati lake.

"Hakuna mutu alinigusa! Nililala mu migomba, si nilikuambia?"

"Najua, mama," alisema taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Najua."

Nikamgeukia msikilizaji. Si kazi yake ni kusikiliza? Akaweka mkono juu ya goti langu. "Mama, wengi wanaanza vile. Hatuna haraka." Mungu wangu! Nilipiga meza. Nilipaza sauti mpaka watu wa kituo cha afya wakachungulia. Mwisho nililia kwa hasira, na machozi yale ndiyo yaliyomaliza kesi, maana wote wawili waliyapokea kuwa jibu la ndiyo.

Tangu siku ile bwana yangu alipata mdomo. Alinisalimu asubuhi, aliniletea maziwa yakiwa bado ya moto, alilala uso umenielekea. Yote niliyokwenda kutafuta niliyapata, tena bure, na yote yalinikwama kooni. Nikigomba kwa sababu ya chumvi, walitazamana kwa huruma. Hasira yangu mwenyewe ilinishuhudia vibaya. Nikisema hapana, nilihurumiwa. Nikinyamaza, nilihurumiwa zaidi.

Kisha akarudi Bisie, akiniacha na mimba changa ambayo hata mimi sikuijua bado. Bunduki zililia tena juu ya vilima vyetu, tukakimbia tena, tukarudi tena. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa. Nikamkabidhi. Alimpeleka mlangoni penye mwanga, akamtazama uso muda mrefu sana. Mama mkwe aliinamisha kichwa.

"Huyu pia nitamupenda," alisema.

Nilimfunua mtoto kofia, nikamwonyesha masikio, yale makubwa yaliyosimama ambayo ukoo wao mzima unayo.

"Papa, angalia. Masikio ni yako haya."

Akamfunika mtoto vizuri, baridi isimpate.

"Najua, mama," akasema. "Najua."