Profesa na Ukuta wa Chumvi

Fundi rangi tuliyempachika jina la Profesa alifika kwa dada yangu Jumapili, amevaa ovaroli nyeupe isiyo na doa hata moja. Hilo peke yake lingetosha kumrudisha alikotoka. Fundi rangi asiye na doa ni sawa na mpishi asiyenuka moshi.

Dada yangu ni mjane, na alikuwa na siku sita tu. Mwuguzi mmoja alitaka kupanga chumba cha mbele afungue zahanati ndogo, na angekuja Jumamosi kukitazama. Alikwisha kuonya kwamba chumba kinachopukutika hakitaki. Huwezi kufunga kidonda chini ya ukuta unaomwaga unga. Akikikataa, dada angelazimika kuiacha nyumba na kuhamia kwangu, na sisi wawili hatujawahi kumaliza wiki chini ya paa moja bila kununiana.

Nyumba inatazama bahari. Kuta zake hunywa chumvi mwaka mzima, kisha huitema. Nilimweleza Profesa taratibu: ukuta ukwanguliwe, uoshwe kwa maji ya bomba, uachwe ukauke, ndipo upakwe. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Kaka, ukuta si mtoto. Hauogeshwi."

Dada alinikonyeza ninyamaze. Profesa akatusimulia majumba ya wakubwa aliyopaka, na masimulizi yake yakawa marefu kuliko kazi yenyewe. Jumatatu alianza saa tatu asubuhi. Saa saba alikuwa amemaliza kuta zote nne, bila kuzigusa kwa kiganja hata mara moja. Husemwa debe tupu haliachi kuvuma. Debe lake lilikuwa na rangi pomoni. Mtupu alikuwa mwenyewe.

Alhamisi rangi ilifanya malengelenge. Ijumaa alfajiri tuliikuta sakafuni, vipande vya ukubwa wa sahani.

Aliitwa, akaja na ovaroli ile ile. Alisimama mlangoni akatangaza kwamba nyumba ina kasoro ya kuzaliwa.

"Lamba," dada akamwambia.

"Nilambe nini, mama?"

"Ukuta. Kama si chumvi, nitakuomba radhi mbele ya mtaa mzima."

Alilamba. Nilimwona akimeza kwa shida.

"Rangi za siku hizi zina ladha," alisema, kisha akakumbuka kuwa ana mgonjwa wa kwenda kumjulia hali.

Mimi na dada tulikwangua na kuosha kutwa nzima. Jumamosi mwuguzi alizikuta kuta ziko uchi, zimelowa, na dada ana vumbi hadi kwenye kope. Nilianza kuwaza kitanda chake nitakiweka wapi. Mwuguzi alipitisha kidole ukutani, akakionja. Alisema ameshaona vyumba vitatu mtaani humo, vyote vinang'aa, vyote vya chumvi.

"Wewe ndiye wa kwanza kuosha, dada. Nitangoja ukauke."

Alingoja wiki tatu. Rangi tulipaka wenyewe, na ipo hadi leo.

Profesa naye hakosi kazi. Juzi nilimsikia ng'ambo ya barabara akimwonyesha mteja mpya zahanati yetu.

"Ile pale, mama. Ilianzia mikononi mwangu."

Ovaroli ilikuwa safi.