Gari Mlangoni pa Henriette

Henriette Ngoie ni fundi wa nguo. Anaishi na binti yake Danielle katika nyumba ya kupanga, vyumba viwili, kwenye avenue moja ya katikati ya Likasi. Chumba cha mbele ndicho chenye cherehani. Mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye trottoir, njia ya waendao kwa miguu, na baada ya trottoir kuna mfereji wa maji ya mvua, wenye kina cha kumfika mtu mzima kiunoni. Juu ya mfereji kuna kidaraja cha saruji. Nyuma ya nyumba hakuna njia, ua umezibwa na ukuta wa depo. Anayetaka kutoka kwa Henriette anapita mlango ule na kidaraja kile, basi.

Kwa mtu mwenye miguu hilo si jambo. Henriette aliugua polio akiwa bado ananyonya. Utotoni, kule Shituru, mtaa wa kampuni ya madini, mama yake alimbeba mgongoni mpaka alipokuwa mzito, kisha wajomba, kisha yeyote aliyekuwa karibu. Walimweka hapa, wakamsahau, wakamhamisha pale bila kumuuliza. Alipochoka kungoja, alivaa sandali za mpira mikononi na kutambaa. Watoto wa pale walimcheka, na wakubwa walimtupia macho ya huruma ambayo alikuwa anayachukia kuliko kicheko. Alipokuwa msichana, masista walimpatia baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono; kinga, tunavyoiita sisi. Siku ile alizunguka mtaa mzima wa kampuni peke yake, akarudi jioni, mikono imechubuka. Tangu hapo hakubebwa tena na mtu. Alipata kazi, akapata mume, mume akaenda Kolwezi kutafuta maisha na akayapata hukohuko na mwanamke mwingine. Yote hayo Henriette aliyapita akiwa amekaa wima kwenye kiti chake.

Shida ilianza nganda, yaani baa, ilipofunguliwa nyumba ya jirani. Nganda nzuri, kusema kweli: viti vya plastiki, samaki wa kuchoma, bia baridi. Ila daraja lake la kuvukia mfereji lina ngazi, gari halipandi wala baiskeli haishuki. Wateja wake wengi ni watu wanaonunua madini kwa wachimbaji, na wana jeep kubwa. Barabara pale ni nyembamba na malori hayaoni aibu kukwangua gari la mtu. Kwa hiyo wale wateja walikuwa wanapandisha jeep zao juu ya kidaraja, wanazilaza kwenye trottoir, ubavu ukitazama mlango wa Henriette. Kati ya gari na ukuta mtu alipita kwa kujibana. Baiskeli haikupita.

Mwanzoni aliomba kwa upole. Danielle alikwenda nganda kuita mwenye gari, naye akaja akicheka, "Pole mama, dakika kidogo," akaondoa. Kisha wakaanza kuchelewa, na mwisho hawakuja kabisa. Ilifika Henriette akawa anapanga maisha yake kwa kubahatisha magari. Akitaka uzi sokoni, anakwenda asubuhi kabla hawajaja. Akitokea mteja anayetaka afuatwe nyumbani kwake akapimwe, anamkatalia. Mchana mlango ukiwa wazi, hakuona avenue tena, aliona rangi ya gari, nyeupe au nyeusi, kama mtu amemjengea ukuta mwingine. Chumba kiliingia giza, akashona kwa taa saa sita za mchana. Mashine ya gari ikiachwa inaunguruma ili ubaridi usitoke ndani, moshi wote ulikuwa wake.

Alikwenda kumwona mwenye nyumba, papa Casimir, mzee mstaafu wa kiwanda, mtu wa kusali kila asubuhi.

"Mama Danielle, minye nitafanya je?" papa Casimir alisema. "Ule wa nganda naye anapanga kwangu, sawa vile weye. Nikimukaza, ataenda."

"Na minye nikienda, papa?"

"Weye utaenda wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza kweli, na ndiyo maana neno lile lilimkaa Henriette kifuani. Nyumba nyingine alizokuwa ameziona mjini zilikuwa na ngazi. Zile za pembeni zilikuwa na njia za mchanga, na mvua ikinyesha, za matope. Wateja wake wote walimjua pale.

Kati ya wale wenye magari kulikuwa na mmoja, Clovis, kijana mnene wa sauti kubwa, mwenye jeep nyeupe. Huyo ndiye alikuwa anakaribia mlango kuliko wote. Siku moja, katikati ya juma, Henriette alikuwa na nguo za harusi za kupeleka, zimekunjwa na kufungwa kwenye kikapu cha baiskeli, na jeep ya Clovis imeziba. Danielle alikuwa shuleni. Henriette akapiga mlango wa jeep kwa kiganja, akapiga tena, mpaka Clovis akatoka nganda na glasi mkononi.

"Nani anapiga motoka yangu?"

"Ni minye, papa. Toa motoka, nipite. Bantu banangojea nguo."

"Niko nakula. Ngoja."

"Niliisha kungoja. Hapa ni trottoir, ni ya bantu ba kupita, haiko parking."

Clovis akaweka glasi juu ya boneti. Watu wa nganda walikuwa wamegeuza viti kutazama.

"Weye unajua minye ni nani?"

"Sijue. Minye najua tu kama umefunga mulango yangu."

Kulikuwa na mtu aliyecheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu. Clovis alijipenyeza kati ya gari na ukuta, akashika mpini wa baiskeli, akaisukuma kinyumenyume, na Henriette juu yake, mpaka ndani ya chumba, kama mtu anavyosukuma toroli la mchanga. Kikapu kikagonga meza ya cherehani. Akavuta mlango, akaufunga kwa nje, akarudi kwenye samaki wake.

Henriette alibaki pale gizani, mikono imeshika magurudumu. Baadaye alimwambia mdogo wake Alphonsine kwamba hakuumia popote, ila alikuwa amesikia mwili wake umerudi kuwa ule wa zamani, mzigo ambao kila mtu anaweza kuuweka anapotaka. Sisi majirani tuliona. Mama mmoja alikwenda kumfungulia mlango. Askari wa barabarani aliyekuwa kwenye kona alikuja, akazungumza na Clovis pembeni, wakapeana mikono, akaondoka. Nguo za harusi zilifika jioni.

Baada ya hapo Henriette hakugonga gari la mtu tena. Alikuwa anafunga mlango mwenyewe.

Lakini Jumapili ya kipaimara ilikuwa inakuja. Danielle alikuwa amefundishwa mwaka mzima, na askofu alikuwa anakuja parokiani. Henriette alimshonea binti gauni jeupe la mikono mirefu, na yeye mwenyewe akajishonea liputa mpya, vazi la kitenge, ya bluu yenye maua ya manjano, ingawa alikuwa hajajishonea kitu miaka mingi. Alikuwa amesema mapema kwa kila aliyetaka kusikia: siku hiyo atamsindikiza mtoto wake mwenyewe, na atakaa mbele.

Asubuhi ya Jumapili Danielle alifungua mlango, akasimama.

"Mama," akasema. "Iko."

Ilikuwa jeep nyeupe. Clovis alikuwa amelewa Jumamosi, akaenda kwake kwa pikipiki, gari akaliacha. Nganda ilikuwa imefungwa. Alphonsine na mume wake Cyrille walifika kutoka Shituru, wamevaa vizuri, wakakuta Henriette amekaa mlangoni, amejipaka mafuta, mkoba mapajani, mbele yake ubavu wa gari. Cyrille akamwamsha mwenye nganda, mwenye nganda akampigia Clovis. "Anakuya," akasema. Tukangoja. Akapigiwa tena. "Anasema iko mu njia."

Kengele ya kwanza ikalia.

"Yaya," Alphonsine alimwambia dada yake, "wacha Cyrille akubebe. Ni hapa tu, mpaka ngambo ya mufereji. Kinga tutaipitisha juu."

"Apana."

"Yaya Henriette, leo tu."

"Nimesema apana. Enda na mutoto. Asichelewe juu yangu."

Danielle hakutaka kwenda. Alivutwa mkono, na gauni lake jeupe likapita kwa kujibana kati ya gari na ukuta, likashika vumbi kiunoni. Henriette aliona lile vumbi, akageuza uso.

Clovis alifika, macho mekundu, akashuka kwenye pikipiki akiuliza nani amegusa gari lake. Akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa. Akazungusha tena, halikusema kitu. Betri ilikuwa imekufa. Akatoka, akafungua boneti, akaifunga. Tulikuwa watu wengi sasa, waliokuwa wanakwenda misa na waliokuwa wanakwenda makanisa mengine, wote tumesimama barabarani, na kwa mara ya kwanza nilimwona Clovis hajui aweke mikono yake wapi.

"Mama," akasema, bila kumtazama, "minye nitakubeba."

"Usiniguse."

Aliisema taratibu. Kisha akamwomba Cyrille ampe zile sandali zake za mpira, zilizokuwa chini ya meza. Cyrille alizileta, akapiga goti amvalishe miguuni.

"Haiko huko," Henriette alisema, akazichukua, akazivaa mikononi.

Alishuka kwenye baiskeli mwenyewe. Akakunja liputa mpya, akaifunga juu ya magoti, akaanza kutambaa. Alipita kati ya gurudumu na ukuta, mahali penye mafuta ya gari na mifupa ya samaki, akafuata trottoir mpaka kwenye ngazi za nganda, akashuka ngazi moja moja kwa makalio, akavuka mfereji kwenye daraja lao. Hakuharakisha. Hakuna mtoto aliyecheka. Nilikuwa nimemjua mwanamke yule kwa miaka mingi, na sikuwa nimewahi kumwona chini.

Cyrille na wanaume watatu walinyanyua baiskeli, wakaipitisha juu ya boneti ya jeep. Ilikwangua rangi, mstari mrefu.

Henriette alipanda kiti chake, akavua sandali, akajipangusa mikono kwa kitambaa, akaanza kuendesha. Kanisani mlango ulikuwa umejaa watu, wakampisha. Askofu alikuwa tayari ameketi. Kipaimara kilikuwa kimekwisha, kwaya ilikuwa inaimba wimbo wa matoleo.

Alikaa nyuma, karibu na mlango, liputa ina doa jeusi la mafuta. Misa ilipokwisha Danielle alimjia akikimbia, akainama mbele ya baiskeli.

"Nilikuwa nageuka kila saa kutazama mulango," alisema. "Mama Alphonsine akaniambia nitazame mbele."

"Alisema vizuri."

Danielle akasogeza paji la uso. "Nusa."

Henriette alinusa. Harufu ya yale mafuta matakatifu ilikuwa bado ipo. Alishika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka watu walipoanza kuwazunguka ili watoke.

Majirani tulikwenda kwa papa Casimir juma lile, sote pamoja. Hakubishana. Vijana walileta vipande viwili vya reli ya zamani, wakavisimika kwa saruji juu ya trottoir, kila upande wa mlango, baiskeli ipite katikati, gari lisipite. Clovis hakuegesha pale tena, na hakuomba msamaha. Siku hizi anapandisha jeep yake mbele kidogo, mlangoni kwa jirani yetu mzee Damas, ambaye bado ana miguu ya kujibana. Wengine ambao hawajui habari hii huja, huziona zile reli, hutukana, huegesha barabarani karibu kabisa na kidaraja, na mara nyingine baiskeli ikifika mwisho wa kidaraja haina pa kugeukia, inarudi nyuma.

Henriette anashona kama zamani. Nilipokwenda kupimwa shati, gari lilipunguza mwendo pale nje, na mkono wake ukasimama juu ya gurudumu la cherehani. Alingoja. Gari likapita, akaendelea na mshono, wala hakuonekana kujua kwamba alikuwa amesimama.

Na ikiwa kesho yake kuna jambo kubwa, harusi, ubatizo au Noeli, halali tena kwake. Mchana wa siku iliyotangulia anafunga mlango, anavuka kidaraja kikiwa bado wazi, anakwenda kulala Shituru kwa mdogo wake.