Koti Lililobaki Nakonde

Asubuhi ile mimi na Mulumba tulikuwa tunabishana kuhusu ugali. Nilikuwa nimeondoka kwetu Msangano, nikapita machimbo ya Saza, na miguu yangu isiyotulia ikanifikisha mji mdogo wa dhahabu kule Kongo. Huko nilitengeneza pampu za maji. Mulumba, rafiki niliyepanga naye chumba, aliwapikia wachimbaji.

"Bukari ya mahindi matupu ni chakula ya wagonjwa," alisema, akiongeza unga wa muhogo kwenye sufuria.

"Kwetu ukipika hivyo wageni wanakimbia."

Wageni walikimbia kweli, ila kwa sababu ya risasi.

Zilianzia upande wa soko. Tulilala chini. Sufuria ikatobolewa juu ya moto.

Mulumba akanishika mkono, akanivuta hadi mtoni.

Hatukurudi.

Tulitembea na kudandia malori karibu miezi miwili, mpaka Nakonde, upande wa Zambia. Pale ukivuka barabara uko Tunduma, nchini kwetu. Njia nzima tulisikia kwamba anayekimbia vita anaandikishwa mpakani na kuingia, nami nilikuwa nimemwahidi Mulumba kwamba kwetu ni kwake. Tulipofika, utaratibu ulikuwa umebadilika wiki ileile. Sasa hakuna kuingia bila hati, na mkimbizi abaki nchi ya kwanza aliyofikia.

Mimi mwenyewe sikuwa na karatasi hata moja. Afisa akaniazima simu nimpigie dada yangu, anayeishi Tunduma. Aliposikia sauti yangu alipiga yowe, akakata. Nikapiga tena, akapokea mumewe.

"Wewe nani unayechezea marehemu wa watu?"

Habari za mapigano zilikuwa zimewafikia. Walishalia, walishaanua matanga, nguo zangu walishagawana. Ndiyo maana shemeji alipokuja mpakani kuhakikisha, alikuwa amevaa koti langu.

"Shemeji, hilo koti."

"Usiniguse! Nimepewa mbele ya ukoo mzima."

"Sikudai. Chana bitana ya kushoto."

Humo nilishona kadi yangu ya mpiga kura enzi za Saza, nikiogopa wezi, kisha nikaisahau nilipoliacha koti kwa dada nikielekea Kongo. Afisa akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Marehemu, karibu nyumbani."

Foleni nzima ilicheka. Mulumba alicheka kuliko wote.

"Huyu niko naye," nikasema.

Afisa hakuwa mkali. "Mngewahi wiki iliyopita, kaka. Leo siwezi."

Kulikuwa na upepo wa baridi. Nikamwomba shemeji koti. Akagoma, akamtazama Mulumba aliyekuwa na shati tu, akalivua. Mikono ya koti ilimfunika Mulumba hadi vidoleni.

"Sasa marehemu ni mimi," alisema. "Weye enda, kaka. Enda ukule bukari yako ya wagonjwa."

Gari likampeleka kambini. Nilipopata nafasi ya kumfuata, waliniambia ameshaondoka, hawajui kwenda wapi.

Utaratibu umebadilika mara mbili tena tangu hapo. Ukilegezwa, naenda kusimama karibu na foleni, natazama makoti. Mimi nilirudishiwa jina, nyumba na dada. Mulumba alinivusha kwenye risasi. Mimi nilishindwa kumvusha barabara.

Siku hizi nachanganya muhogo kwenye ugali. Dada analalamika, wageni wanaomba waongezewe. Shemeji bado huniulizia koti lake.

Namwambia liko njiani.